Almasi Zile ni za Nani? Ubishi wa Watazamaji wa Inside Man

Wiki moja baada ya mateka wote kuachiliwa, Dalton Russell anatoka kwenye benki ya Manhattan Trust kwa mlango wa mbele, mchana kweupe. Hana bunduki wala barakoa, na hakuna king'ora kinacholia. Akiwa bado ndani ya jengo anapigana kikumbo na mpelelezi anayemsaka, kisha anaingia kwenye gari linalomsubiri na kwenda zake. Kwa watazamaji wengi hapo ndipo Inside Man inapothibitika kuwa filamu ya akili. Kwa wengine, na si wachache, hapo ndipo wanapoona wamepigwa changa la macho: wamekaa saa mbili wakisubiri, hakuna aliyekufa, hakuna aliyekamatwa, na hazina ya benki haijapungua hata senti.

Filamu hiyo ya Spike Lee ilitoka Marekani Machi 2006. Denzel Washington ni mpelelezi Keith Frazier, Clive Owen ni Russell, Jodie Foster ni Madeleine White, na Christopher Plummer ni Arthur Case, mwanzilishi wa benki. Iligharimu takriban dola milioni 45 na kuingiza zaidi ya milioni 180 duniani kote, kiasi ambacho Lee hakuwa amekifikia kwa filamu yoyote kabla ya hapo. Kwamba watu waliipenda, hilo halina mjadala. Lakini Roger Ebert, mhakiki wa Chicago Sun-Times aliyekuwa mtetezi mkubwa wa kazi za Lee tangu miaka ya 1980, aliipa nyota mbili na nusu kati ya nne. Hakuikubali sababu ya wizi ule wala namna ulivyofanywa. Mpaka leo, ukiitaja filamu hii mbele ya watu wanaopenda sinema za ujambazi, ubishi unaanza upya.

Mimi naipenda, na nitaitetea. Ila naona wanaoilaumu huishika kwa mambo ambayo majibu yake yapo, wakaliacha moja ambalo halina jibu.

Nisimulie kisa hadi mwisho, maana bila mwisho hakuna cha kubishania. Watu waliovaa kama mafundi rangi wanaingia kwenye benki iliyo katika mtaa wa fedha wa Manhattan. Wanazipofusha kamera kwa taa maalumu, wanafunga milango, wanawanyang'anya watu simu, wanawavua nguo na kuwavisha ovaroli na barakoa sawasawa na zile walizovaa wao. Wenyewe wanaitana Steve, Stevie, na vijina vingine vya namna hiyo. Nje, Frazier anapewa kazi ya kuzungumza nao, huku akiwa na tuhuma shingoni: dola 140,000 zilipotea katika kesi yake ya nyuma, na wakubwa wanamtazama yeye. Arthur Case anapoambiwa ni tawi gani limevamiwa, hata hafikirii fedha. Anafikiria kisanduku cha amana namba 392. Anamwita Madeleine White, mwanamke ambaye matajiri humlipa ili amalize mambo yao kimyakimya, na kumwagiza ahakikishe hakuna anayekigusa. Ndani yake kuna almasi, pete ya Cartier, na hati zinazoonyesha kwamba utajiri wake ulitokana na kuwatumikia Wanazi wakati wa vita. Pete ilikuwa ya mke wa mwenye benki mmoja Myahudi wa Paris, rafiki ambaye Case alikuwa na uwezo wa kumsaidia na badala yake akamsaliti.

Polisi wanapojiandaa kuvamia, milango inafunguka na watu wote wanatoka mbio katikati ya moshi, sare moja. Jambazi ni nani na mateka ni nani? Hakuna anayeweza kuapa. Bunduki zilizoachwa ni za bandia. Mateka aliyeonekana akipigwa risasi hakupigwa. Fedha zote zipo. Na Russell bado yumo ndani, nyuma ya ukuta wa uongo uliojengwa stoo, akingoja siku zipite.

Lalamiko linalosikika kwanza ni kwamba mpango huu hauwezekani. Mtu mzima hawezi kujificha wiki nzima ndani ya benki iliyofunguliwa tena kwa wateja; stoo itaonekana imepungua; katika makumi ya mateka lazima mmoja angetambua sauti au macho ya aliyemwamuru avue nguo. Hizi ni hoja za watu makini, sizidharau. Lakini hebu tutazame jambo lililotokea kweli.

Ijumaa, tarehe 13 Januari 2006, ikiwa imebaki miezi miwili na ushee filamu ionyeshwe, majambazi waliingia tawi la Banco Río huko Acassuso, kitongoji cha wenye nazo kaskazini mwa Buenos Aires, Argentina. Walishika mateka 23. Polisi wapatao 300 walilizingira jengo. Kwa saa kadhaa majambazi walizungumza na mpatanishi wa polisi, wakaagiza piza, wakajibu maswali kwa utulivu. Kisha wakanyamaza. Polisi walipoingia waliwakuta mateka wakiwa salama na hawakumkuta jambazi hata mmoja. Walikuwa wamevunja visanduku vya amana zaidi ya 140 na kushuka kwenye tundu lililochimbwa hadi mfereji wa chini wa maji ya mvua, wakaondoka kwa boti ya mpira. Nyuma waliacha bunduki za kuchezea na kikaratasi chenye mashairi, kikisema kwamba katika mtaa wa matajiri wao hawakutumia silaha wala hawakuwa na kinyongo. Walifuata pesa tu.

Piza, bunduki za bandia, visanduku vya amana, mateka wasiodhurika, tundu sakafuni: yote yamo pia kwenye Inside Man. Filamu ilikuwa imeshapigwa, na wale wa Acassuso hawakuwa na njia ya kuiona. Walifika mahali pamoja kwa sababu walipiga hesabu moja. Mpatanishi wa polisi hufundishwa kwamba muda ni rafiki yake: kadiri saa zinavyokwenda ndivyo mtekaji anavyochoka, anavyopata njaa, anavyoanza kuongea kama binadamu. Mtekaji ambaye naye anautaka muda huo anaigeuza kazi yote ya polisi kuwa msaada kwake. Frazier analishtukia hili mapema. Russell anadai mabasi na ndege, lakini hasukumi, hapigi simu kwa hasira, hahesabu dakika. Mtu asiye na haraka ya kuondoka ni mtu ambaye kazi yake bado haijaisha huko ndani. Kwangu mimi hiyo ndiyo akili ya filamu hii, na inakaa kwenye mazungumzo zaidi kuliko kwenye ukuta wa stoo.

Tena tukio la Acassuso lingewapa walalamikaji hoja nzito kuliko wanayoitumia. Wale Waargentina hawakukamatwa kwa sababu mpango ulikuwa na kasoro. Walikamatwa kwa sababu mke wa mmoja wao aliwaendea polisi akasema anayoyajua. Katika Inside Man, kundi la Russell lina watu kadhaa, akiwemo mzee profesa wa sheria na mwanamke tuliyemwona akihojiwa kama mateka wa kawaida. Wote wanahojiwa na polisi. Wote wananyamaza. Hakuna aliyelewa, aliyependa, aliyedaiwa, wala aliyegombana na mwenzake juu ya mgawo. Ukuta wa uongo naweza kuuamini. Ukimya mkamilifu wa watu wengi kiasi hicho unaniwia mgumu zaidi, na mwandishi wa hadithi, Russell Gewirtz, anaupita bila kuugusa.

Lalamiko la pili ni la wale wanaosema filamu inajiua yenyewe kwa kuonyesha mahojiano ya baadaye. Tukiwa katikati ya utekaji, picha inaruka hadi chumba cha polisi, rangi zimefifia, na Frazier na mwenzake Mitchell, anayechezwa na Chiwetel Ejiofor, wanawabana mateka maswali. Mtazamaji anajua basi kwamba hawa wote watatoka hai. Hofu itoke wapi? Rafiki yangu mmoja, mtu anayeheshimu sana sinema za mashaka, alizima pale pale. Alisema anataka kuogopa na filamu imemnyima haki yake.

Hapa sikubaliani kabisa. Mahojiano yale yanaondoa hofu ya kifo na kuweka shaka mahali pake, na shaka hiyo inatupata sisi kuliko polisi. Tunapomwona mwanamke aliyelia, mzee aliyetetemeka, kijana aliyekasirika, tunaanza kufanya kazi ya Frazier: huyu anasema kweli? Mbona yule hatazami machoni? Na wengi wetu tunakosea. Yule mzee tunamhurumia, tunasema masikini, umri huo wanamsumbua vile. Mwishoni yumo ndani ya gari. Filamu haikutudanganya, maana kila kitu tulionyeshwa; tulichokosea ni kudhani kwamba mnyonge hawezi kuwa mshirika. Hata sekunde za kwanza kabisa, Russell akitazama kamera, anatuambia yuko kwenye chumba kama seli na kwamba kubanwa katika chumba kidogo si sawa na kufungwa jela. Alitupa jibu kabla hatujajua swali. Ndiyo maana filamu hii inaongezeka utamu ukiitazama mara ya pili, jambo ambalo sinema nyingi za mashaka haziwezi, kwa kuwa zikishatoa siri zao zinabaki maganda.

Lakini wale wanaosema Madeleine White ni mhusika wa ziada, nawasikia. Foster anacheza vizuri, anatembea kama mtu ambaye milango hujifungua yenyewe, na ni raha kumwona akimwambia meya wa New York afanye nini. Ila kazi anayoifanya ni ndogo kuliko kishindo anachoingia nacho. Anaruhusiwa kuingia benki, anazungumza na Russell, anagundua siri ya Case, anatoka. Mwishoni hajaziokoa almasi wala hajaizuia pete. Anachotupa ni picha ya namna mambo yanavyomalizwa: katika filamu hiyohiyo anashughulika kumtafutia mpwa wa Osama bin Laden nyumba Manhattan, na hilo halimkoseshi usingizi. Yeye na Case na meya wanatuonyesha kwamba faili la wizi huu litafungwa hata kabla Frazier hajalifungua. Kwa kazi hiyo alihitajika. Kwa mizunguko mingine yote, dakika kumi zingepunguzwa na hakuna ambaye angezikumbuka.

Tufike kwenye hati, maana hapo ndipo wachambuzi wengi wanapodhani wameimaliza filamu. Swali lao ni jepesi na kali: kama karatasi zile zingeweza kumwangamiza Case, kwa nini alizihifadhi? Kiberiti kimoja kingetosha. Bila karatasi hakuna siri, bila siri hakuna wizi, bila wizi hakuna filamu.

Majibu ya kisaikolojia yapo. Wengine husema Case alitunza hati kama mtu anavyotunza kidonda, ajikumbushe alichofanya. Maelezo hayo hayanitoshi. Lililonitosha ni historia. Januari 1997, mlinzi wa usiku wa Union Bank of Switzerland mjini Zurich, Christoph Meili, alikuta ndani ya benki vitabu na nyaraka za zamani zilizokuwa zinasubiri kuharibiwa, nyingine zikihusu mali za enzi za Wanazi. Alichukua baadhi akazikabidhi kwa jumuiya ya Wayahudi. Zilikuwa zimekaa pale zaidi ya miaka hamsini. Hakuna aliyezichoma mwaka 1945, wala 1955, wala 1975. Benki huishi kwa karatasi. Karatasi ndiyo inayosema kilicho changu na kilicho chako, na anayeichoma anachoma pia uthibitisho kwamba mali aliyonayo ni yake. Na baada ya kisa kile mamlaka zilimchunguza hata mlinzi mwenyewe, kwa tuhuma ya kuvunja siri za benki. Meili akaishia kukimbilia Marekani.

Tume iliyoongozwa na Paul Volcker, gavana wa zamani wa benki kuu ya Marekani, ilipochunguza benki za Uswisi na kutoa ripoti yake mwaka 1999, ilikuta akaunti takriban 54,000 ambazo huenda zilikuwa na uhusiano na watu walioteswa na kuuawa na Wanazi. Kumbukumbu zilikuwepo, zimelala. Kwa hiyo anayeuliza kwa nini Case hakuchoma hati zake aulize pia kwa nini majumba makubwa ya fedha hayakuchoma zao. Kuna mtu hujiona mkubwa kiasi kwamba haoni nani atathubutu kufungua kisanduku chake. Case ni mtu huyo. Kisanduku 392 hakimo hata kwenye orodha ya benki. Kwake yeye hicho kilikuwa kinga ya kutosha.

Umri wa Case ni hoja nyingine na hiyo naikubali moja kwa moja. Mtu aliyekuwa mfanyabiashara kamili mwanzoni mwa miaka ya 1940 angekuwa anakaribia miaka 90 mwaka 2006. Plummer alikuwa na 76 na alionekana na afya ya mtu wa 65. Hesabu haikai sawa.

Wako pia wanaosema Spike Lee aliibebesha filamu ya ujambazi mzigo usio wake: ubaguzi wa rangi, Septemba 11, watoto na michezo ya kompyuta ya mauaji, afisa wa polisi asiyeweza kusimulia kisa bila kutukana watu weusi na Walatino. Kwao hizo ni hotuba zilizochomekwa. Nakubali kuhusu mchezo wa kompyuta. Russell anamkuta mtoto akicheza, anashtuka, anasema atazungumza na baba yake, na hapo tunamsikia mwongozaji akizungumza badala ya mhusika. Lakini tukio la karani Msikh, wa dini iliyoanzia India ambayo wanaume wake huvaa kilemba, limeingia mahali pake hasa. Anatolewa nje akiwa na ovaroli na barakoa kama wenzake. Polisi wanamvua barakoa, wanaona kilemba, mmoja anapiga kelele kwamba ni Mwarabu, wanamwangusha na kumvua kilemba chake. Analalamika baadaye kwamba yeye ni Msikh, na hata hiyo haibadilishi kitu, hawamrudishii kilemba. Siku nne tu baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Msikh mmoja aliuawa kwa risasi huko Mesa, Arizona, nje ya kituo chake cha mafuta, na mtu aliyemdhania kuwa Mwarabu. Watazamaji wa New York mwaka 2006 hawakuhitaji kuelezwa.

Na fikiria jinsi tukio hilo linavyogusa mpango wa Russell. Ujanja wake wote umejengwa juu ya sare: wavishe watu nguo moja na polisi hawatajua wamshike nani. Lakini kwa sekunde moja mlangoni, polisi wanajua mara moja wa kumshika. Sare ilimfanya kila mtu awe sawa; uso wa mtu ukamtenga tena. Mwongozaji ambaye angepiga filamu hii kama fumbo tu asingeliona hilo. Ndiyo maana nasema mji wa New York ni sehemu ya mtego. Ni mji ambamo polisi wanapokwama na sauti za lugha wasiyoijua, wanazitupa kwenye spika barabarani na fundi wa ujenzi anaitambua: Kialbania, lugha ya mke wake wa zamani. Mke anakuja na faini zake za maegesho mkononi, anataka zifutwe kwanza, ndipo anawaambia wanachosikiliza ni hotuba za Enver Hoxha, kiongozi wa Albania aliyekwisha kufa. Saa nzima imekwenda, na muda ndio aliokuwa anautaka Russell.

Nami siwezi kupita bila kuutaja wimbo wa ufunguzi. Filamu inaanza kwa Chaiyya Chaiyya, wimbo wa A. R. Rahman kutoka filamu ya Kihindi ya Dil Se ya mwaka 1998. Watazamaji wa Marekani wengi walijiuliza umefikaje hapo. Kwa sisi tuliokulia pwani, ambako sinema za Kihindi zilijaza kumbi kabla hata ya video, ulikuwa ukaribisho. Kwangu unasema kabla ya neno lolote kwamba huu ni mji wa watu kutoka kila mahali, na fumbo lijalo litatatuliwa au kushindikana kwa sababu hiyo.

Sasa lile moja lisilo na jibu. Tulizoea kusema stelingi hafi, na katika kumbi zetu ilikuwa rahisi kumjua: ndiye anayepigana na jambazi. Inside Man inatupa stelingi wawili, mmoja kila upande wa mlango, na inataka tuwapende wote. Inafanikiwa kwa kumweka mtu mbaya kuliko jambazi juu yao: Case. Russell anasema wazi kwamba yeye si shujaa wa kujitoa mhanga, alifuata fedha, ila fedha hazina thamani kama huwezi kujitazama kwenye kioo. Watazamaji wanaomtetea wanaongeza kwamba alimwibia mwizi, hakumuua mtu, akaacha pete kwenye kisanduku pamoja na ujumbe wa kumwambia Frazier aifuatilie. Wanaompinga wanawakumbusha mateka waliovuliwa nguo, waliotishwa, mmoja aliyepigwa vibaya chumbani kwa sababu alificha simu. Hoja zote mbili zinasemwa mara kwa mara na zote zina uzito.

Ninachokisikia kwa nadra ni swali kuhusu almasi zenyewe. Russell anaondoka nazo. Kama utajiri wa kisanduku kile ulitoka kwa Wanazi, na filamu inatuachia tuelewe hivyo, basi mawe yale yalikuwa ya watu. Yalitoka kwenye masanduku ya nyumba fulani, vidole fulani, familia zilizokuwa na majina. Case aliyachukua mara ya kwanza, Russell anayachukua mara ya pili. Pete inapewa mwenyewe: tunaambiwa ilikuwa ya nani na alikuwa mke wa nani. Almasi hazipewi mtu.

Wapo wanaojibu kwamba yule mzee profesa ndani ya kundi, ambaye ni Myahudi, ni dalili ya kisasi cha haki, kwamba mali inarudi kwa waliodhulumiwa. Ningependa kuamini. Lakini filamu haisemi, na haki ya namna hii haifanyi kazi kwa kurudishia kabila au dini. Inarudishia mtu na warithi wake. Hilo lilikuwa linajulikana New York kwenyewe. Agosti 1998, benki kubwa za Uswisi zilikubali kulipa dola bilioni 1.25 katika kesi iliyosimamiwa na Jaji Edward Korman kwenye mahakama ya shirikisho ya Brooklyn, ng'ambo ya mto tu kutoka mtaa wa fedha ambako hadithi hii inatokea, na ndiko Spike Lee alikokulia. Kazi iliyofuata ilikuwa ya miaka: kutafuta majina, kulinganisha akaunti, kuamua mjukuu yupi ana dai gani. Ilikuwa kazi ya taratibu, yenye lawama nyingi, lakini swali lake la kwanza lilikuwa mali hii ni ya nani. Hilo ndilo swali ambalo Inside Man, pamoja na akili yake yote, hailiulizi kuhusu kitu chenye thamani kubwa kuliko vyote ndani yake.

Kisha kuna ile almasi moja iliyo mfukoni mwa Frazier. Katika kikumbo cha mlangoni Russell aliitumbukiza humo. Mapema walizungumza kuhusu ndoa, na Frazier alilalamika kwamba mpenzi wake Sylvia anataka kuolewa na yeye hana fedha za pete. Sasa analo jiwe. Watazamaji wengi wanalipokea kama heshima kati ya wanaume wawili wenye akili, na filamu inatualika tutabasamu. Wengine wanaita hongo, na wanakumbusha zile dola 140,000. Ni kweli kwamba filamu haijawahi kutuonyesha ushahidi unaomsafisha Frazier. Alisafishwa na kupandishwa cheo kwa sababu White alizungumza na wanaohusika.

Nadhani jiwe lile ni zito kuliko heshima na kuliko hongo. Wakubwa wa polisi walifunga faili kwa hoja moja tu: hakuna kilichoibiwa. Bunduki za bandia, hazina imejaa, mateka wote hai, kosa liko wapi? Almasi moja mfukoni mwa mpelelezi ndiyo ushahidi pekee wa kushikika kwamba kitu kilitoka kwenye jengo lile. Akiipeleka ofisini, faili linafunguka kwa pande zote mbili, kwa Russell aliyeiba na kwa Case aliyeificha, na pete aliyoikuta kwenye kisanduku inapata mwenzake. Akimvisha Sylvia, amefanya walichofanya wakubwa wake, na safari hii hakuna aliyemwamuru. Lee anaikata filamu kabla hatujajua Frazier anachagua nini, na wale wanaotoka ukumbini wakishangilia wameshamchagulia.